Kaya Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Juni 1977

Nimeanza! Kibarua cha likizo kwenye kituo cha utafiti wa malisho, hapa Chimala. Asubuhi kwa woga uji nikanywa nusu kikombe. Mayu, mama yangu, akasema Ng'washi huyu aibu itamuua kabla ya malaria.

Mkuu wa kituo ni Daktari Isihaka. Mtu wa pwani, mpole, anaongea kama anasoma kitabu. Aliniuliza kwa Kiingereza niko kidato gani. Nikajibu kwa Kiswahili. Halafu nikaona nimekosa adabu, nikajibu tena kwa Kiingereza. Kidato cha tatu mara mbili! Akacheka kidogo tu. Akasema kituo kinamhitaji mtu wa lugha zote — Kiingereza cha makaratasi, Kiswahili cha ubao, Kisukuma cha wafugaji. Mimi nazijua zote tatu na zote tatu nanyamaza.

Nimewekwa chini ya Bwana Fanueli, karani wa habari. Mnyakyusa, mrefu, mdomo haupumziki. Ana mbao tatu za matangazo: moja langoni, moja soko la Chimala, moja Mwanjelwa kule Mbeya. Kila wiki mbili anabandika habari mpya za kituo. Anasema watafiti wanawaandikia watafiti wenzao, sisi tunawaandikia watu waliokuja kununua chumvi.

Juu ya taipu yake pana karatasi ya masharti. Tangazo lisilo na muhuri halipandi ubaoni. Likitimiza siku kumi na nne linashuka. Kila picha iandikwe namba ya faili. Na la mwisho limepigiwa mstari mwekundu: habari za kaya ya mtu zisiambatane na jina lake.

Jioni Baba akauliza, kwa hiyo kazi yenyewe ni kukaa kivulini? Nikasema ndiyo Baba. Akacheka mpaka akakohoa. Ila niliona amefurahi.

Alhamisi, 9 Juni

Leo tumehesabu ng'ombe wa kwetu. Nilijua siku hii inakuja, lakini kushuka kwenye Landrova mbele ya boma letu nikiwa na fomu mkononi — Mungu wangu. Kaka Shija alikaa juu ya uzio akanipigia saluti.

Baba alikaa kwenye kigoda, akakataa kujibu. Hakukataa kwa maneno. Alizungumzia mvua tu. Daktari akanielekeza: mwambie mzee majibu ni siri ya kituo, kwenye makaratasi hakuna jina, kuna namba tu. Nikamwambia kwa Kisukuma. Baba hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi. Akauliza, unasema wewe, au anasema yeye? Nikasema, nasema mimi, Baba.

Basi akajibu yote.

Niliandike hapa ili nilielewe mwenyewe. Mali ya Msukuma haikai pamoja. Mzee Seni ni rafiki wa Baba tangu walipohama pamoja kutoka kaskazini. Ana ng'ombe wengi, kawagawa kwa rafiki zake wanne, ugonjwa ukiingia usimmalize na macho ya watu yasimjue. Wale wa kwetu Baba anawachunga, sisi tunakunywa maziwa, na ndama mmojammoja tunapewa. Anayepita anaona boma limejaa, anasema Mzee Shigela, yaani Baba, ana mali. Hakuna anayeuliza. Kuuliza ni tusi. Sisi watoto tunajua sikio gani limekatwa alama ya nani, na hatusemi.

Jumla 63. Wake mwenyewe 11. Wa kutunza 52. Nimeandika kwa mkono wangu. Kaya namba 14.

Bwana Fanueli akampiga Baba picha mbele ya ng'ombe. Baba alivaa koti. Katika joto lile!

Jumanne, 14 Juni

Bwana Fanueli amenipeleka sokoni kuangalia watu wanavyosoma ubao. Tulisimama kwa fundi cherehani, tukajifanya tunangoja suruali. Tangazo la mbegu za majani: wamesimama wawili, na mmoja alikuwa anajikinga jua. Mbuzi akala kona ya karatasi. Bwana Fanueli akasema, umeona, msomaji wetu mwaminifu.

Halafu akanifundisha. Mtu hasimami kwa sababu ya majani. Anasimama akiona uso anaoujua, akiona jina. Weka picha katikati, maneno machache, herufi kubwa. Atakayejua kusoma atawasomea wengine. Anasema ubao wenye picha ya mtu wa hapahapa unakusanya watu kama msiba.

Nimependa kazi hii. Naogopa kuliandika, lakini nimeipenda. Maneno yangu yanasimama sokoni na mimi siko pale!

Jumatano, 22 Juni

Bwana Fanueli ameondoka kwenda Mbeya kutengeneza ubao wa Sabasaba pale Mwanjelwa. Atarudi Jumatatu. Kaniachia ufunguo wa kabati, taipu na muhuri. Ubao wa Chimala nitautengeneza mwenyewe. Picha za wafugaji zimeshasafishwa, na jedwali la kwanza la ng'ombe limetoka — kaya ishirini na mbili, namba tu, hakuna jina. Akasema, jedwali hilo utafsiri, picha chagua nzuri. Nikauliza, na wewe hutaangalia kwanza? Akasema, umesoma kuliko mimi, mama.

Nzuri ni ya Baba. Si kwa sababu ni Baba. Nzuri kweli. Amesimama wima, na nyuma yake pembe zinafika ukingo wa picha.

Niliuliza ruhusa. Nilimwambia nyumbani, Baba, picha yako itakaa sokoni. Akajidai hajasikia. Baada ya muda akamwambia Mayu koti lile lifuliwe, eti watu watataka kuliona.

Ijumaa, 24 Juni

Nimebandika! Peke yangu. Picha katikati, chini yake kwa herufi kubwa: MZEE SHIGELA NA NG'OMBE WAKE. Pembeni jedwali. Kila karatasi na muhuri. Pini zimebaki nne, nimeziweka mfukoni mwa sketi. Ubao mzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza Bwana Fanueli. Naandika haya bila aibu hata kidogo.

Jumamosi, 25 Juni

Leo siku ya gulio.

Nilikwenda kuangalia watu. Nikasimama palepale kwa fundi. Walijaa kweli — kama alivyosema, kama msiba. Mwalimu Faustin wa shule ya msingi akaombwa asome. Anapenda kusoma kwa sauti yule. Akasoma jina la Baba, watu wakapiga miluzi. Mtu akasema, tazama koti! Mwingine, huyu si mtu, huyu ni mkuu wa wilaya. Nilijisikia joto usoni, joto zuri.

Mzee Malimi alikuwepo. Binti yake ndiye atakayeolewa na Kaka Shija baada ya mavuno. Alisimama mbele, mikono nyuma, anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayetazama shamba lake.

Halafu Abrahamu, yule wa kuziba pancha, akasogeza pua kwenye picha. Akasema, Mwalimu, hapa chini pana namba. Kumi na nne. Na hapa pembeni pana kumi na nne nyingine.

Namba ya faili. Kila picha iandikwe namba ya faili. Niliiandika, vizuri, kwenye kona. Namba ya faili la picha ndiyo namba ya kaya. Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilikuwa nafuata masharti!

Mwalimu Faustin akaweka kidole kwenye jedwali, akakiburuta, akasoma. Jumla sitini na tatu. Wa mwenyewe kumi na moja. Akaondoa kidole. Nadhani na yeye alitamani arudishe. Lakini Abrahamu akadakia — wa kutunza hamsini na mbili! Kumbe Shigela ni mchungaji kama wa kanisani, kondoo wote wa bwana!

Walicheka. Si kwa ubaya wote, wengine walicheka kwa sababu wenzao wanacheka. Mzee Malimi hakucheka. Alikunja mikono upya, safari hii mbele, akaondoka bila kumuaga mtu.

Na mimi. Niandike na hili, maana humu hasomi mtu. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningepita katikati yao, nikavuta karatasi mbili, basi. Lakini ningepita mbele ya watu. Wangeuliza, huyu ni nani, wangesema ni binti yake. Niliona aibu ya kutazamwa. Nilisimama mpaka pini zikanichoma pajani, halafu nikazunguka nyuma ya mashine ya mpunga nikarudi nyumbani.

Karatasi bado iko pale. Kesho Jumapili. Watu wa kanisani watapita.

Jumapili, 26 Juni

Sikwenda kuitoa. Nilisema naumwa kichwa.

Jumatatu, 27 Juni

Bwana Fanueli alishuka kwenye basi la Mbeya akauona ubao kabla hata hajafika ofisini. Aliingia na karatasi zimekunjwa mkononi. Hakusema kitu. Yule mtu! Alizinyoosha moja moja mezani hadi nikaanza kulia.

Akauliza tu nani kapiga muhuri. Nikasema mimi. Akauliza, nyumbani wanajua ni mkono wako? Nikasema hapana. Baba anajua kwamba natafsiri, hajui kwamba nabandika. Anafikiri ubao ni wa Daktari.

Akakaa. Akasema, muhuri nilikuachia mimi. Na habari ya kuweka majina nilikufundisha mimi. Halafu akafungua taipu akaanza kupiga barua ya kujieleza kwa Daktari, vidole viwili, taratibu sana. Nilisoma begani kwake. Jina langu halimo.

Nilipaswa kusema, litie. Nilijifuta machozi nikaenda kusafisha stensili.

Alhamisi, 30 Juni

Mzee Malimi amemtuma mjumbe. Mwanamke, shangazi wa binti. Alikaa na Mayu, wakazungumza kuhusu mihogo, kuhusu kuku, kuhusu baridi. Mwishoni akasema nyumbani kwao wameona bora wangoje kidogo. Mtoto bado mdogo.

Alikuwa mkubwa mwezi uliopita!

Baba aliahidi mahari ya ng'ombe ishirini. Watu wamejua sasa kwamba ana kumi na mmoja. Wale tisa Mzee Seni angemwongezea kimya kimya, ndivyo rafiki wanavyofanya, na Malimi asingeuliza. Sasa ameshaambiwa bila kuuliza.

Kaka Shija alikuwa anapasua kuni. Alisikia. Aliendelea kupasua hadi vikawa vijiti.

Jumamosi, 2 Julai

Daktari Isihaka amekuja mwenyewe. Aliiacha Landrova mbali, akaja kwa miguu. Shikamoo mzee. Baba hakuitikia. Sijawahi kumwona Baba akiacha shikamoo ianguke chini.

Daktari akasema amekuja kuomba radhi. Baba Kiswahili anakijua, cha sokoni na cha ofisi ya kijiji, lakini aliangalia pembeni akasema kwa Kisukuma, mtoto wangu atanieleza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeeleza. Daktari anasema mtu wa ofisi yake alikosea. Nikasema kwa Kisukuma: mtu wa ofisi yake alikosea. Daktari anasema mtu huyo anasikitika sana. Nikasema: anasikitika sana. Sauti ilitetemeka, Mayu akafikiri ni kwa uchungu wa nyumbani, akanishika bega.

Baba akajibu. Nikatafsiri. Anasema alipewa neno na akalipokea. Anasema hataki gari hilo lipite tena kwenye malisho yake. Anasema atawaambia na wengine.

Na ameshawaambia. Kaya tano zimekataa kuhesabiwa tena. Daktari aliniambia njiani, bila hasira, kwamba kazi ya miaka miwili inaweza kufia hapa. Nilimwangalia nione kama anajua. Sidhani anajua. Au anajua na ananingoja. Sijui ipi ni mbaya zaidi.

Jumanne, 5 Julai

Mzee Seni alikuja na vijana wake kuchukua ng'ombe.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alikunywa maziwa, akamshukuru Mayu, wabeja, wabeja, mara tatu. Akamwambia Baba: watoto wa marehemu ndugu yangu wamesikia ng'ombe waliko. Nikiwaacha hapa watakuja kudai kwako, utapata vita isiyo yako. Baba akasema, naelewa. Mzee Seni akasema, mimi na wewe bado ni sisi. Baba akasema, ndiyo.

Kisha Baba akaingia bomani kuwatoa mmojammoja. Hakuhitaji kuangalia masikio. Anawajua kwa mgongo. Kila aliyempiga kidogo kiunoni alitoka. Wengine walikataa, wakarudi kwake, ikabidi awasukume. Yule mweupe mwenye baka jeusi, aliyezaliwa mkononi mwake mvua za mwaka juzi, alirudi mara mbili.

Vumbi lilichukua muda mrefu kutua.

Boma ni kubwa mno kwa kumi na mmoja. Wamejibana kona moja. Jioni maziwa yalijaa kibuyu kimoja na nusu ya kingine, na Mayu alikuwa ameandaa vibuyu vyote kwa mazoea. Alivirudisha kimoja kimoja.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Watu wote Mbeya. Bwana Fanueli hakwenda, ingawa ubao wa Mwanjelwa aliutengeneza yeye. Amepewa barua. Anaondolewa kwenye habari, anapelekwa ghala la mbegu, Iringa, kuanzia mwezi ujao. Kanionyesha kama anaonyesha tiketi. Eti nitakuwa karibu na shule yako, utaniletea maandazi.

Nikasema nitakwenda kwa Daktari. Leo. Nitasema ni mimi. Akanikatiza — akasema Daktari si mwenye shida. Mimi nimezoea kuhamishwa, nilishahamishwa kwa makosa yangu na kwa makosa ya watu. Mwenye shida unakula naye. Kama una neno, lipeleke huko.

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Nikala. Nikaosha vyombo. Nikampelekea Baba maji ya kunawa, akanawa, akasema ahsante mwanangu. Nikarudi nalo jikoni.

Ijumaa, 8 Julai

Nimejaribu asubuhi alipokuwa anasuka kamba. Nikasema, Baba. Akasema, ee. Nikasema, shule zinafunguliwa tarehe kumi na nane. Akasema anajua.

Kaka Shija ameondoka. Kaenda Igowole, kwenye mashamba ya chai, kutafuta kibarua. Hakuaga vizuri. Alinipigia saluti ile ile, bila kucheka.

Jumamosi, 9 Julai

Saa nne asubuhi. Naandika haraka, Baba ameenda kumfunga ndama aliyekata kamba.

Ameniita kwenye kivuli cha ghala. Akasema lete kalamu na karatasi ya shule. Anataka barua iende kituoni, kwa Daktari, kwa Kiswahili safi. Ameifikiria siku nyingi, anasema, na sasa imeiva. Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akaanza. Mimi chini, daftari gotini.

Andika: mimi Shigela niliwapokea, mkakaa kwangu, mkanywa maziwa yangu. Nikaandika.

Andika: Daktari amekuja kuomba radhi, na mimi sikuitikia salamu yake. Hilo lilikuwa kosa langu. Mwambie shikamoo yake nimeipokea sasa. Nikaandika. Herufi zilianza kupinda.

Andika: ng'ombe wamekwenda. Mchumba wa mwanangu amekwenda. Hayo siyadai.

Hapo nikashusha kalamu. Nikafikiri amemaliza. Akafumbua macho, akatazama boma.

Andika: mliniambia ni mtu wa ofisi. Mtu wa ofisi ni mtoto wa mtu. Hakuzaliwa na ofisi. Nataka jina lake, na nataka kujua baba yake ni nani na anakaa wapi. Sitaki kumshtaki. Nitamwendea huyo baba yake, hata kama ni Tukuyu, hata kama ni pwani. Nitakaa naye, tutazungumza wazee wawili. Nitamwuliza kama anajua mtoto wake amefanya nini. Kama hajui, nitamweleza taratibu, maana hilo jambo si rahisi kwa mzazi kulisikia.

Kalamu ilisimama. Akauliza, umeandika? Nikasema bado. Akasema, andika, sina haraka.

Ndipo ndama akakata kamba. Akainuka. Akasema, nikirudi unisomee yote kabla sijaweka dole gumba, nisije nikatia dole kwenye maneno nisiyoyasema.

Nimeandika yote kama alivyosema. Hakuna nililopunguza. Nilipofika pale anapotaka jina niliacha nafasi ya jibu, nikaitazama. Ningeweza kuandika lolote. Hajui kusoma. Ningeandika Fanueli, na Bwana Fanueli asingekataa.

Nimeandika Ng'washi. Nimeandika binti wa Shigela. Nimeandika anakaa hapahapa.

Wino bado mbichi. Anarudi. Anamkemea ndama, halafu anacheka naye. Anaketi. Anasema, haya mwanangu, nisomee. Usiruke neno.